UZI: Unatumia dawa za asili kwa ajili ya sonona, wasiwasi au kukosa usingizi? Pitia hapa kabla hujachanganya

Mfamasia wa Tabata (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Niweke wazi mapema ili tusije tukaanza kurushiana maneno ukurasa wa kwanza: sina ugomvi na miti shamba. Nimelelewa kwa kufukizwa mwarobaini, na nyumbani kwangu mchaichai umeota mpaka mlangoni. Uzi huu unamhusu mtu ambaye huzuni haimwachi, au wasiwasi umemkaba, au usingizi umemkimbia, akaamua kujitibu kwa kitu cha asili, na wakati huohuo kuna kidonge kingine anameza. Aliyemuuzia mti hakijui kidonge, na daktari naye haujui mti.

Nipo kaunta ya famasi. Mtu anakuja na cheti, kaandikiwa tuseme amitriptilini, dawa ya sonona. Nikimuuliza kama kuna dawa nyingine anatumia, jibu ni hapana kavu. Nikirudi kwa mlango mwingine, "na zile za kuchemsha, za kuweka kwenye uji, alizokuletea shemeji kutoka safari?" ndipo anatabasamu. Habat soda kijiko kila asubuhi. Unga wa mlonge. Chupa ya maji ya kahawia kutoka Kariakoo, ya "kutuliza mishipa ya kichwa". Na kopo la vidonge lenye picha ya ua la njano.

Nianze na hilo ua, kwa sababu ndilo lililochunguzwa kuliko mengine yote na ndilo lenye mitego mingi. Kwenye lebo utakuta St. John's wort au Hypericum. Asili yake ni Ulaya, na Ujerumani madaktari wamekuwa wakiwaandikia wagonjwa wa sonona kwa miaka mingi. Si porojo. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2008 yalikusanya majaribio 29 yenye wagonjwa zaidi ya 5,000, yakaona mmea huu unashinda kidonge kisicho na dawa ndani na unakaribiana na dawa za kawaida za sonona, ingawa majaribio ya nchi zinazozungumza Kijerumani yalileta matokeo mazuri kuliko ya kwingine.

Sasa watu wakisikia hivyo wanasema basi, si ni jani tu, nitameza pamoja na dawa zangu. Hapo ndipo balaa linapoingia. Ndani yake kuna kemikali iitwayo haiperiforini ambayo huamsha vimeng'enya vya ini vinavyovunja dawa. Ini likishaamshwa, dawa yako nyingine inavunjwa na kutolewa kabla haijafanya kazi. Wewe unameza kila siku, kwa wakati, kama ulivyoelekezwa, lakini kwenye damu kiwango hakitoshi. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani waliwapa watu wenye afya njema indinaviri, dawa ya VVU ya wakati ule, pamoja na mmea huu. Kiwango cha dawa kwenye damu kilishuka kwa zaidi ya nusu, na mamlaka ya dawa ya huko ikatoa tahadhari Februari mwaka huohuo. Indinaviri imeshapitwa na wakati, lakini dolutegraviri, ambayo ndiyo imo kwenye kidonge wanachomeza wengi wanaohudhuria CTC, yaani kliniki za VVU, hapa kwetu, nayo hupunguzwa. Vidonge vya majira, vile vya uzazi wa mpango, vimo. Wafarini ya kuzuia damu kuganda imo. Dawa za mtu aliyepandikizwa figo zimo, na huyo akikosea anaweza kuipoteza figo.

Kuna moja huwa haisemwi kabisa huku kwetu wakati ndiyo inayotugusa wengi: dawa mseto ya malaria. Watengenezaji wenyewe wameandika kwenye karatasi ya ndani kwamba isitumike pamoja na vitu vinavyoamsha ini kwa nguvu, wakataja rifampisini ya kifua kikuu, kabamazepini na fenitoini za kifafa, na wakautaja mmea huu kwa jina. Malaria ya Dar haisubiri umalize kopo lako. Na usidhani ukiacha leo kesho umesafishika, ini huchukua wiki mbili hivi kurudi katika hali yake.

Mtego wa pili unakwenda upande wa pili: badala ya dawa kupungua, kazi inazidi. Dawa nyingi za sonona, kama fluoksetini na sertralini, hufanya kazi kwa kuongeza serotonini kwenye ubongo. Ua la njano nalo linaongeza. Ukiviweka pamoja unaweza kupata sumu ya serotonini: mikono inatetemeka, jasho, kuharisha, moyo mbio, hutulii, misuli inakaza na kushtukashtuka, joto linapanda, ukizidiwa unachanganyikiwa. Hiyo ni ya kukimbizwa hospitali, si ya kunywa maji ya madafu ukalala. Tramadoli, ambayo vijana wanaimeza ovyo, inaweza kuleta hayohayo. Na anayeacha fluoksetini ili ahamie kwenye mmea ajue kwamba dawa hiyo hukaa mwilini wiki kadhaa baada ya kidonge cha mwisho, kwa hiyo "nimeshaacha" si kinga.

Nyingine nazipitia haraka. Kava, mzizi wa visiwa vya Pasifiki unaouzwa kwa ajili ya wasiwasi, ulihusishwa na kuharibika kwa ini kiasi kwamba Ujerumani iliuondoa sokoni mwaka 2002. Ashwagandha, ambayo sasa kila kijana wa jimu anaisifia, nayo ina ripoti za kuumiza ini na inaweza kuchezea tezi ya shingo. Denmaki iliipiga marufuku mwaka 2023. Valeriani, mzizi wa kuleta usingizi, inaongeza usingizi juu ya usingizi wa diazepamu au wa bia. Macho yakianza kuwa ya njano, mkojo ukawa na rangi ya chai ya rangi, na mwili unawasha, acha siku hiyohiyo ukapimwe ini.

Kwa chupa za mtaani tatizo ni jingine kabisa: hatujui kuna nini ndani. Simlaumu muuzaji kwa kuficha, ndiyo riziki yake. Lakini mgonjwa akiletwa mdomo umekauka, mboni zimetanuka, moyo unakimbia na anaongea na watu wasiokuwepo, daktari wa zamu anahitaji kujua kama alikunywa mnanaha (Datura), maana ndivyo mnanaha unavyofanya, na amitriptilini nayo ina ukavu huohuo, zikikutana zinaongezana. Kungumanga hivyohivyo. Kukwangua kidogo kwenye maziwa hakuna neno, ila anayekoroga vijiko viwili vitatu "apate usingizi" anaweza kupata maruweruwe na kichefuchefu cha siku nzima au zaidi.

Na sanamaki, wapenzi wa "kutoa sumu mwilini" nawaona. Kwa mtu mwenye baipola, ugonjwa wa hali ya moyo kupanda na kushuka kupita kiasi, anayetumia lithiamu kuutuliza, kuharisha kwa sanamaki ni hatari. Maji na chumvi vikipungua, figo zinaing'ang'ania lithiamu, inapanda mpaka inakuwa sumu: mikono inatetemeka vibaya, unayumba, ulimi unakuwa mzito. Sijui nani aliwaambia watu kwamba kila ugonjwa wa akili unatokana na tumbo chafu.

Ninachoomba ni kidogo. Kila unachokunywa, hata kama kimetoka kwa bibi, mtajie daktari na mfamasia. Leta chupa yenyewe, au piga picha lebo, au kusanya majani makavu kwenye karatasi. Usianze vitu viwili wiki moja, ukidhurika hutajua kipi kimekudhuru. Usiache dawa ya hospitali ghafla kwa sababu umepata mti: ya sonona ukiikata kwa mkupuo unapata kizunguzungu na mishtuko kichwani, na ugonjwa wenyewe unaweza kurudi. Na muulize anayekuuzia kama amesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Baraza hilo lipo kwa sheria ya mwaka 2002. Mwenye cheti hachukii kuulizwa.

Karibuni, wenye maswali waulize, wenye ubishi waje na hoja.

Kijana wa Buguruni

Naweka kambi hapa. Ila mkuu umetutisha, kwa hiyo hata chai ya mchaichai niache? Bi mkubwa ananipa kila usiku, nalala vizuri.

Mfamasia wa Tabata

Endelea nayo na umsalimie bi mkubwa. Kikombe cha chai hakina kesi. Mchezo hubadilika kitu cha jikoni kinapokolezwa kikawa kapsuli, mafuta au unga wa kupima kwa vijiko, hapo unaingiza kiasi ambacho hakuna mpishi angekiweka kwenye sufuria.

Mjukuu wa Kisarawe

Mleta uzi, kwa heshima zote, hizi ni propaganda za viwanda vya dawa. Babu yangu ametibu watu waliofungwa kamba, wanaletwa wanapiga kelele wanaondoka wanatembea kwa miguu yao. Hakuwahi kuua mtu. Dawa zenu mbona karatasi yake ya madhara ni ndefu kuliko gazeti? Kwenye mti hakuna karatasi ya madhara kwa sababu hakuna madhara.

Mfamasia wa Tabata

Mjukuu, babu yako simbishii hata kidogo. Kuna jamii ya miti iitwayo Rauvolfia, ipo Afrika na ipo Uhindi, na waganga wa pande zote mbili waliitumia kwa watu waliochanganyikiwa kabla hospitali hazijajua lolote. Mwaka 1952 wanasayansi waliitoa kemikali yake, reserpini, ikaingia hospitalini kama dawa ya ugonjwa wa akili na ya presha. Kwa hiyo waganga walikuwa sahihi, mti ulikuwa unafanya kazi.

Ila sikiliza mwendelezo. Reserpini humtuliza mtu kwa kupunguza kemikali fulani za ubongo, na presha nayo huishusha. Mpe mzee ambaye tayari ana vidonge vya presha, akisimama kwenda msalani usiku anaanguka. Na baada ya muda madaktari wakaanza kuripoti wagonjwa waliokuwa wanaitumia kwa presha tu, hawana historia yoyote, wakaingia kwenye huzuni nzito. Yaani mtu ana sonona, anapewa mti wa "kutuliza akili" wa jamii hiyo, anatulia kweli, kisha anazidi kuzama.

Kuhusu karatasi ya madhara: mti hauna karatasi kwa sababu hakuna aliyeiandika. Wanaoandika wapo, Muhimbili pale chuoni kuna Taasisi ya Tiba Asili ambayo ilianza kama kitengo cha utafiti mwaka 1974. Watu wanakaa na waganga, wanachukua miti, wanapima. Babu kama yupo hai mpeleke wakaongee naye.

Mjukuu wa Kisarawe

Babu ametangulia mbele ya haki. Lakini hoja ya presha nimeielewa. Nakumbuka alikuwa anauliza kwanza kama mtu ana "damu ya kupanda", na kuna dawa alikuwa anawanyima wazee.

Mfamasia wa Tabata

Umeona sasa. Mganga mwenye ujuzi anauliza. Wasiwasi wangu ni huyu wa spika juu ya bajaji, dawa moja inatibu nguvu za kiume, sonona, vidonda vya tumbo na mikosi ya kazi. Huyo hajakuuliza hata umri.

Mama Wawili

Shikamooni wakubwa. Mimi swali langu la kike. Nina kijiti cha uzazi wa mpango mkononi, mwaka jana dada yangu aliyeko Uingereza alinitumia hivyo vidonge vya ua la njano nilipokuwa na msongo wa mawazo. Kijiti si cha kumeza wala nini, kipo chini ya ngozi. Kinaathirika vipi na kitu kilichopita tumboni?

Mfamasia wa Tabata

Marahaba dada, swali zuri sana. Kijiti kinatoa homoni kidogo kidogo inaingia kwenye damu, na damu yote hupita kwenye ini. Ini likiwa limeamshwa linaivunja homoni hiyo kama linavyovunja ya kidonge. Huko huko Uingereza mamlaka ya dawa ilitoa onyo mwaka 2014 baada ya kupokea taarifa za wanawake waliopata mimba wasizozitarajia, na vijiti vimetajwa humo. Dalili ya mwanzo inaweza kuwa damu kutoka katikati ya mwezi wakati zamani haikuwa hivyo. Kitanzi cha shaba hakiguswi kwa sababu hakitumii homoni. Kama bado una vidonge hivyo, nenda kliniki ya uzazi wa mpango uwaambie, usikae nalo moyoni.

Mama Wawili

Ahsante. Niliviacha mwezi wa pili tu maana vilinifanya ngozi iwashe juani. Hakuna aliyeniambia kuhusu kijiti, wala dada mwenyewe hakujua.

Mfamasia wa Tabata

Hiyo ya jua nayo ni ya kwao, ngozi inakuwa nyepesi kuungua. Kwa jua la hapa Dar la saa saba mchana hata ningetaka kukuruhusu nisingekuruhusu.

Toyo Mbagala

Wazee mimi naendesha bodaboda, usingizi ulikuwa unanisumbua baada ya ajali. Nikapata dawa ya maji pale Rangi Tatu, funda moja tu, dakika ishirini nimezimika. Asubuhi naamka kichwa kizito lakini nalala. Shida siku nisipokunywa natetemeka na jasho, na silali kabisa. Ina maana imeshanizoea au ni ule wasiwasi wangu?

Mfamasia wa Tabata

Kaka, hapa naomba tuongee taratibu. Majani ya kulaza mtu yapo, lakini mengi hufanya kazi polepole. Kinachomzima mtu kwa funda moja, na akikosa anatetemeka na kutoka jasho, kinanifanya nishuku kwamba ndani kuna dawa ya hospitali, ya jamii ya diazepamu. Hiki si kitu cha hapa tu. Nchi nyingi zimekamata "dawa za asili" za usingizi zikiwa na vidonge vilivyosagwa ndani, kama wanavyoweka sildenafili kwenye za nguvu za kiume na deksamethasoni kwenye za maumivu na za kunenepa.

Mambo mawili. Usiimwage leo ukasema umeacha. Kama kweli ni jamii hiyo na umeitumia kwa muda, kuikata ghafla kunaweza kuleta degedege. Nenda na chupa hospitali ya rufaa ya mkoa, Temeke ni karibu na wewe, mwambie daktari kama ulivyotuambia hapa, wakupunguzie kwa hatua. Taarifa ya madhara inaweza kupelekwa TMDA, mamlaka yetu ya dawa, na Mkemia Mkuu wa Serikali ana maabara ya kupima kilichomo. La pili, mpaka umalizane na daktari usiendeshe ile asubuhi ya kichwa kizito. Na usichanganye na konyagi wala bia, hata moja.

Nesi Mstaafu

Toyo mwanangu, nakazia alichosema mfamasia. Na baada ya ajali mtu kuota ndoto mbaya na kushtuka usiku ni ugonjwa unaotibika, tena kwa mazungumzo na mtaalamu, si lazima dawa. Mwambie daktari kuhusu ajali, usiseme usingizi tu.

Jina Kapuni

Naomba msinihukumu. Natumia dawa za kurefusha maisha. Miezi hii sina raha, silali, nalia bila sababu. Rafiki kaniambia nichanganye miti fulani na wengine wananiambia niache zile kwanza nijisafishe. CTC sijawaambia, naogopa kugombezwa.

Nesi Mstaafu

Hakuna wa kukuhukumu hapa, na wa kukugombeza kliniki asikuzuie. Mimi nilikuwa kazini mwaka 2011 wakati watu wanapanda magari kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Babu kwa shilingi 500. Marehemu yule mzee simsemi vibaya, alikuwa na imani yake. Lakini walikuwepo waliorudi wakaacha dawa za VVU wakiamini wamepona, na wapo waliotujia baadaye wamekonda, wengine virusi vimeshakuwa sugu. Usiache dawa hata siku moja kwa ajili ya "kujisafisha".

Halafu jambo ambalo rafiki yako hakukuambia: dolutegraviri yenyewe kwa baadhi ya watu hukosesha usingizi na kushusha hali ya moyo. Wakati mwingine dawa yake ni kuhamisha muda tu, uliyekuwa unameza usiku unameza asubuhi. Hilo CTC wanalifanya bila gharama. Ukiwa umenyamaza utakunywa mizizi ya nchi nzima kutibu kitu cha kubadilisha saa.

Jina Kapuni

Sikujua kabisa. Nameza saa tatu usiku. Tarehe yangu ya kliniki ni wiki ijayo, nitawaambia.

Mfamasia wa Tabata

Waambie na majina ya miti uliyoshauriwa, hata kama hujaianza. Na usisubiri tarehe kama hali inazidi, kliniki unaweza kwenda kabla.

Kaka wa Kwanza

Niongeze kisa cha mdogo wangu, labda kitamsaidia mtu. Alikuwa na kipindi cha huzuni, halali chakula hakitaki, tukampa hivyo vidonge vya ua la njano, alivipata kwa mtu. Baada ya muda kweli akachangamka. Tukashukuru. Kumbe akaendelea kuchangamka. Saa nane usiku anapaka rangi ukuta wa sebule, anaimba. Akakopa akanunua viti vya plastiki lundo zima, anasema anafungua ukumbi wa harusi, uwanja wenyewe ni wa mwenye nyumba. Ukimwambia lala anakwambia wewe ndiye mgonjwa. Tukaishia hospitali, wakatuambia ni baipola, na kwamba dawa za kuinua hali ya moyo, ziwe za asili au za dukani, zikitumika peke yake zinaweza kumrusha mtu wa namna hiyo mpaka upande wa pili. Viti bado vipo uani, mwenye kuhitaji aje PM.

Kijana wa Buguruni

Pole sana mkuu, ila ya viti nimecheka. Bei?

Mfamasia wa Tabata

Kaka wa Kwanza, umenisaidia kusema kitu nilichokiruka. Kabla ya kitu chochote cha kuinua hali ya moyo, mtu ajiulize, au ndugu wamjibie: ameshawahi kuwa na kipindi cha kutolala siku kadhaa na bado ana nguvu, anaongea mfululizo, anatumia hela hovyo? Au kuna ndugu wa damu mwenye historia hiyo? Kama ndiyo, asijitibu mwenyewe kwa lolote.

Bi Tegeta

Mimi mwanangu amejifungua juzi juzi, analia mno, mtoto hamtazami. Hapa nyumbani wamama wanamchemshia mchanganyiko wa dawa za uzazi wanasema ni mzazi kupigwa na upepo. Nimwachie anywe?

Nesi Mstaafu

Mama, uji wa pilipili manga na supu mpeni. Mchanganyiko usiojulikana hapana, vilivyomo vingine hupita kwenye maziwa na mtoto wa siku chache ini lake halijakomaa. Kulia kwa siku chache za mwanzo ni kawaida kwa wazazi wengi. Lakini kama imepita wiki mbili, au hata leo kama hamtaki mtoto, anasikia sauti, haamini watu, au anasema maneno ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, mpeleke hospitali sasa hivi na asiachwe peke yake. Hiyo haisubiri kuchemshwa kitu.

Na hili nawaambia wote mnaosoma kimya kimya. Mti wowote, na hata kidonge cha hospitali, huchukua wiki mbili mpaka nne au zaidi kuonyesha kazi kwenye sonona. Aliyefikia kuwaza kujitoa uhai hana wiki hizo. Nenda hospitali yoyote iliyo karibu, mapokezi ya dharura, sema hivyo hivyo ulivyo. Kama ni ndugu yako, kaa naye, na vidonge na sumu za panya viondoke ndani ya nyumba.

Bi Tegeta

Ni wiki ya tatu sasa. Tunakwenda asubuhi hii hii, Mwananyamala. Mungu awabariki.

Mzee wa Sukari

Mimi nina kisukari, natumia glibenklamidi. Wasiwasi ulinianza, moyo unadunda, natetemeka, jasho jembamba, hasa saa tano tano asubuhi. Nikaongeza habat soda na mlonge maana nasikia vinatuliza. Nimezidiwa.

Mfamasia wa Tabata

Shikamoo mzee. Hiyo huenda si wasiwasi kabisa, ni sukari kushuka. Glibenklamidi inashusha sukari, habat soda na mlonge navyo vinaweza kuishusha, vikikutana asubuhi kabla hujala vizuri mwili unapiga kelele kwa kutetemeka na jasho. Ikikujia tena pima papo hapo. Ikiwa chini ya 4 (mmol/L), au kama huna kipimo, kunywa soda ya kawaida yenye sukari au maji yenye vijiko vitatu vya sukari, kisha ule. Simamisha hivyo viwili na umwone daktari wako upunguziwe au ubadilishiwe. Kidonge cha sukari usikiache kwa uamuzi wako.

Mzee wa Sukari

Marahaba mwanangu. Leo saa tano nimepima, 3.1. Nimekunywa soda, nimetulia.

Mjukuu wa Kisarawe

Swali la mwisho kwa mfamasia. Mwezi ujao mjomba anafanyiwa operesheni ya ngiri. Anakunywa vidonge vya vitunguu saumu, tangawizi na valeriani kwa ajili ya hofu ya operesheni yenyewe. Kuna shida?

Mfamasia wa Tabata

Ipo. Vitunguu saumu na tangawizi kwa kipimo cha vidonge vinaweza kufanya damu ichelewe kuganda, valeriani inaweza kuongeza nguvu ya dawa ya usingizi wa operesheni. Wataalamu wa usingizi hupendekeza mambo ya asili yaachwe wiki mbili kabla. Valeriani kama ameitumia muda mrefu aipunguze kidogo kidogo badala ya kuikata. Siku ya kuonana na mtoa usingizi aende na makopo yote kwenye mfuko, ayaweke mezani kabla hajaulizwa. Na hofu yake aitaje pia, wana dawa ya usiku wa kuamkia operesheni.